Kuku wa Mwalimu Marcellin

Jumatatu, 2 Juni

Kasongo nzima iko na ugomvi. Jana Mwalimu Marcellin, mwamuzi wetu wa ngumi, alitoa sare kati ya mpwa wangu Nathanaël, ninayemfundisha mwenyewe, na Radjabu, yule mchimba dhahabu wa Salamabila. Sare! Radjabu alirusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Nathanaël aliinama, akapinda, akarudi nyuma, hakuguswa.

Sokoni Sumaili, anayemfundisha Radjabu, akapayuka kwamba mwenye kwenda mbele ndiye mshindi. Nikamjibu kwamba kupiga upepo si kupiga mtu. Tukabishana hadi mama wa samaki akatufukuza mbele ya meza yake. Jumapili mabondia watarudiana. Kwa hasira nikaweka dau la baiskeli. Yeye akaweka yake.

Shida ndogo: baiskeli ni ya mke wangu Consolée. Ndiyo inayobeba mafuta yake ya mawese mpaka sokoni. Sijamwambia. Yuko kwenye mashine yake, anamshonea Nathanaël kaputula.

Jumatano, 4 Juni

Nimemtembelea Mwalimu na kuku. Si rushwa! Kwa mkubwa huendi mikono mitupu, hata watoto wanajua. Nikamweleza polepole: mwenye kukwepa ndiye fundi, mwenye kurusha ovyo ni kelele tu. Alisikiliza huku akimtazama kuku. Akasema amefahamu, na kwamba yeye akila cha mtu hasahau neno lake. Mutu wa heshima kweli!

Kuku naye ni wa Consolée. Nimemwambia mwewe alimnyakua.

Ijumaa, 6 Juni

Aibu! Vijana wa pikipiki wanamwita Nathanaël Panya. Consolée mwenyewe kasema hakushona kaputula ya kukimbilia. Sumaili kaapa kwamba hata nikishinda, nitaitwa mwalimu wa panya mpaka Kabambare. Iliniuma, sifichi.

Lakini akili ninayo. Nimemwambia Nathanaël aache kukwepa, ashambulie tangu kengele ya kwanza. Akaniuliza kama nina hakika. Nina hakika! Kuku iko kazini, ngumi ziko kazini. Nitashindwa wapi?

Jumapili, 8 Juni

Ole wangu!

Nathanaël alitoka kama moto wa kichaka. Radjabu alirudi nyuma, kwanza kwa mshangao, halafu akaona raha. Akainama, akapinda. Ngumi zote za mpwa wangu zikapita juu ya kichwa chake. Watu walimshangilia Nathanaël, nami nikacheza ngoma pale pale.

Mwalimu akasimama, akakohoa. Akatangaza kwamba wiki hii amejifunza jambo: mwenye kukwepa ndiye fundi. Akainua mkono wa Radjabu. Kisha akanitazama na kutabasamu, kama mtu aliyelipa deni.

Nikapiga kelele kwamba mwenye kwenda mbele ndiye mshindi! Sumaili akanijibu kwamba kupiga upepo si kupiga mtu. Mwizi wa maneno!

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwambia Consolée baiskeli iko kwa fundi. Akasema ajabu, maana asubuhi Sumaili alipita nayo, amebeba ndizi, akapiga kengele na kumsalimia vizuri sana. Halafu akaniwekea bidoni, dumu zima la mawese, kichwani. Mpaka sokoni! Vijana wa pikipiki walinisindikiza kwa kuimba.

Jumanne, 10 Juni

Shingo inauma, akili inafanya kazi. Jumapili watapigana tena. Kosa langu la juzi nimeliona: nilipeleka kuku, na kuku ni kitu kidogo. Leo nimempelekea Mwalimu bata. Nikamweleza kwamba mwenye kushambulia ndiye mshindi. Amefahamu upesi kuliko mara ya kwanza.

Nikitoka kwake nikamkuta Nathanaël, mabega yanamuuma kwa kupiga upepo. Maskini! Nikamwonea huruma. Nimemwambia Jumapili asirushe ngumi hata moja, akwepe tu, Radjabu achoke mwenyewe.

Sumaili alitaka kujua safari hii naweka nini, maana baiskeli sina tena. Nimeweka mashine ya kushona. Consolée bado hajui. Nataka ashtuke kwa furaha akiona baiskeli yake imerudi.