Sahani Niliyoirudisha Jikoni Ushongo

Leo nimefedheheka mbele ya mwamuzi wa migogoro ya kazi, nami nawaandikia mwenyewe, jamaa zangu, kabla hamjaletewa habari na watu ambao hawakuwamo chumbani.

Bi Salama, mpishi wa hoteli moja ndogo ya Ushongo, aliachishwa kazi kwa kosa la utoro. Mwajiri anadai kwamba Jumapili fulani hakufika kazini. Jumapili hiyo hiyo mimi nilikula pale pamoja na wakwe wa mwanangu, wageni waliovuka kutoka Pemba. Ndipo nikaombwa kuwa shahidi wake. (Hakuwa na mwingine. Wakwe wamekwisha rudi kwao.)

Zuhura, binti wa chama cha wafanyakazi anayemwakilisha, alinijia nyumbani kwangu Chumbageni kuandaa maelezo yangu.

"Babu, niandikie uliyoyaona kwa macho yako tu."

Nilimjibu kwamba nilianza kukataa uvumi kabla mama yake hajazaliwa. Nikaandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba nilikula samaki wa kupaka na kwamba aliyempika ni Bi Salama. Jambo moja nililiacha kwa makusudi, kwa kuwa halikunipa heshima.

Leo nikaapa. Wakili wa mwajiri, kijana mwenye sauti ya upole (hao ndio wa kuogopwa), akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Uliingia jikoni siku hiyo?"

"Sikuingia."

"Umejuaje basi kwamba aliyepika ni Bi Salama?"

"Kwa ladha. Ushongo nzima hakuna mwingine mwenye mkono ule."

"Kwa hiyo hukumwona. Ulimwonja."

Watu wakacheka. Mwamuzi, mama mmoja mtulivu, akainamisha uso. Bi Salama hakucheka. Alikuwa akisokota pindo la kanga. Kazi yake ilikuwa inaondoka, na mimi ndiye niliyekuwa naisindikiza mlangoni.

Zuhura hakutaharuki. Nimeona mawakili wengi wenye mvi wakibabaika kwa dogo kuliko hilo. Yeye aliuliza kana kwamba tumo barazani.

"Babu, samaki yule alikupendeza?"

"Alipungukiwa ndimu."

"Ukanyamaza?"

(Mnanifahamu.)

"Nilimrudisha jikoni."

"Nani alimleta tena mezani?"

Nikamtazama Zuhura. Binti yule hakuwa amesimuliwa na mtu. Siku ile ya maelezo aliniona nikimrudishia mke wangu chai, akapima mwenyewe kwamba hata hotelini sinyamazi.

"Bi Salama," nikasema. "Alitoka yeye mwenyewe."

"Alisema lolote?"

Nilikuwa nimeapa. "Alisema, mbele ya wakwe: 'Babu, umekula nusu ndipo ukajua hana ndimu? Basi mrudishe na yule aliyekwisha shuka tumboni.'"

Mwamuzi, anayeandika kila neno kwa mkono, akainua kalamu. "Taratibu, mzee. Aliyekwisha nini?"

"Shuka tumboni," nikarudia, kwa sauti ya imla.

"Nawe ukamjibu nini?"

"Sikujibu, mheshimiwa. Nilimla akaisha."

Safari hii hata askari wa mlangoni alicheka. Zuhura akasubiri kicheko kiishe, kisha akasema, "Mheshimiwa, mtu hawezi kujitungia aibu ya namna hii," akaketi. Wakili akaomba faragha na mteja wake. Waliporudi, mwajiri alikuwa tayari kumrudisha mpishi wake, na mapatano yakatiwa saini hapo hapo.

Nje, nilimuuliza Bi Salama kwa nini hakulitaja jambo lile yeye mwenyewe, naye ndiye aliyekuwa anapoteza kazi.

"Babu, maadamu wewe umelificha, mimi ningelifunuaje? Nilishakuvunjia heshima mara moja. Yatosha."

Nimesoma vitabu vingi vya adabu. Sikukutana na ukurasa wenye hilo.

Jumatatu anarudi jikoni, na amenialika chakula cha mchana. Mwenye kutaka kucheka acheke leo amalize, kwa sababu siku hiyo nitakula kitakacholetwa, na sitaki kutazamwa.