Siku Gaspard Alitwanga Sombe Muchana Kweupe

Mukaribie, batu ya Rwambuzi, na beye bote benye munapita na bidon ya mayi: muiweke chini! Mufunge radio, mupunguze makala chini ya maharagi, juu habari yenye minaleta haikuje kila mwaka. Ni vita. Lakini haikupiganwa na bunduki, za ile tulishachoka. Ilipiganwa na majani ya muhogo.

Kulikuwa Gaspard mwana wa Osée, Simba ya Fotei, Mwenye Kukunja Miguu, mutawala wa salon, mwenye hakuinukaka mu ile kiti yake laini hata juu ya kufunga dirisha wakati mvua inaingia. Na kulikuwa bibi yake Adèle, Mama Gracia, Mukono wa Chumvi, muuza makayabu, samaki ya chumvi, mu soko, mwenye alirudiaka kila magaribi na beseni ku kichwa, akawasha moto, akatwanga, akapika, akasafisha, na Simba akauliza toka mu fotei: "Bado?"

Ile "bado" njo ilichimba kaburi ya ndoa. Siku moja Adèle akasema, "Baba Gracia, tuachane." Na Gaspard, juu mupira ilikuwa inachezwa ku televizyo, akajibu, "Sawa." Bakagawanya bitu bila kelele: fotei kwa bwana, sufuria kwa bibi.

Siku ya konsei ya familia, baraza ya kuachanisha, ikafika. Akakuja muyomba Floribert, mujomba wa Gaspard, sauti ya ngoma, kufunga maneno. Akakuja mama mukwe Alphonsine toka Nyankunde kuchukua Adèle, mutoto wake. Na juu mukwe haangaliwake usoni, akakaa akitazama ukuta, maneno yote akaambia ukuta. Inje pikipiki ilingojea, sufuria zote zimefungwa nyuma.

Floribert akasimama sawa jenerali. "Mama Gracia, unakubali kuachana?"

"Minakubali, muyomba."

"Baba Gracia?"

Milima ya Ituri, mushuhudie! Gaspard akaangalia sufuria ku pikipiki, akaangalia fotei yake yenye ilibaki peke yake sawa jino ya muzee, na akainuka.

"Minakatala!"

"Ukuta," Alphonsine akalia, "uliza huyu mutu, si balipatana?"

"Tulipatana, mama. Lakini nilizania ni maneno tu. Minamupenda."

Adèle akatazama mulango. Kama angeenda, angelia njia yote mpaka Nyankunde, alijua. Kama angebaki vile vile, angezeeka mbele ya mbabula ya makala. Akasema: "Mapendo haitwangake sombe. Kinu iko inje, majani ya muhogo iko mu beseni. Twanga, jirani bote ya quartier baone. Ukishindwa, pikipiki inawaka."

Banaume ya ile avenue balibebaka simenti, balichimbaka misingi mu jiwe. Lakini kutwanga sombe muchana kweupe? Gaspard akashika muti ya kutwangia sawa mukuki. Ku feleji yenye inazunguka kiwanja, jirani Annie akapiga kelele: "Mukuje muone! Baba Gracia iko mugonjwa!"

Akajaza kinu mpaka juu na majani mabichi, akapiga. Jeshi ya majani ikaruka sawa panzi, na moja ikatua ku paji ya uso ya mama mukwe, mwenye alitoka naye na kukaa pembeni ya ukuta ya inje.

"Ukuta," akasema Alphonsine, bila kuitosha, "ambia mukwe wangu kwanza ababule majani ku moto, yalegee. Na atie kidogo kidogo."

Akababula. Akatia kidogo kidogo. Paa! Paa! Jasho ikashuka, mikono ikatoka malengelenge.

"Kamata chini, Baba Gracia!" Annie akasema. "Ile haiko jembe!"

Kisha, bila kuacha kutwanga, shujaa akauliza pole pole: "Mama Gracia. Ni kila siku unafanyaka hivi?"

"Kila siku."

"Na unatoka soko?"

"Minatoka soko."

 Akatwanga tu, mpaka Annie akaacha kumucheka.

Adèle akakuja, akasugua sombe mu vidole. "Iko na mifupa, bado iko na vijiti," akasema. Akasugua tena. Kisha akaita mwenye pikipiki: "Papa, fungua ile sufuria kubwa."

"Na zile zengine, mama?"

"Ziende na mama yangu Nyankunde. Nione kwanza kesho, na kesho kutwa."

Floribert akatangaza konsei imesukumwa mbele. Na siye tuliokuwa ku feleji tulipiga mikono, juu tangu Rwambuzi iitwe Rwambuzi, hakuna mwanaume aliteka mali kubwa hivi: Gaspard mwana wa Osée, kwa mikono yake mbili yenye malengelenge, alishinda sufuria moja.