Mantiki Imeingia Jikoni Kwangu

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Masoko na Adabu,
Baghdad.

Bwana Mkubwa, baada ya salamu na dua za afya yako,

Mimi ni Muqatil bin Dinar, mwalimu wa nahau, mtaa wa Karkh, nyuma ya wauza karatasi. Najua unavyowacharaza bakora wanaotia maji kwenye maziwa. Naomba bakora hiyo hiyo imfikie jirani yangu Ishu bin Tuma, anayefundisha mantiki ya Wayunani nyumbani kwake, na afukuzwe mjini kabla ya Ijumaa. Sababu ni hizi:

1. Anawaambia watu kwamba nahau hutazama maneno na mantiki hutazama maana. Maana ndiyo tunda, maneno ni ganda. Yaani mimi, miaka yote hii, nimekuwa nikifundisha maganda.

2. Hiyo mantiki yenyewe ni nahau ya Wayunani tu. Wayunani wana haki ya kufikiri Kiyunani, kwao.

3. Kiarabu chake kinatia huruma. Juzi alimwamkia imamu wetu kwa makosa mengi kuliko maneno.

4. Masomo yake hupenya ukutani. Mke wangu, Rayhana, hukanda unga huku ametega sikio. Nilipoulizia chakula alinijibu: "Kila anayekula hapa huleta kuni. Wewe, Baba Hilal, hujaleta kuni. Haya, malizia mwenyewe." Nikaichambua kauli yake neno kwa neno. Haikuwa na kosa hata moja. Nikalala na njaa.

5. Lalamiko la tano nimelifuta. Nilipolisoma tena niliona linampa Ishu ushindi.

6. Maradhi yanaenea. Mchota maji hashushi kiriba mpaka nithibitishe kwamba nina kiu. Punda wake naye husimama mlangoni akitafakari.

7. Hili ndilo linaloniumiza. Rayhana amefunga mizigo. Anasema: "Nipe hoja moja tu iliyonyooka ya kunibakiza hapa, mume wangu. Ukikosa, Ijumaa napanda mashua naenda kwa kaka yangu Basra." Bwana Mkubwa, mimi naweza kunyambua kitenzi chochote mpaka kilie, lakini hoja sina. Nampenda mke wangu, na ninaogopa.

Basi, kwa kuwa kila mvunja ndoa hufukuzwa mjini, na Ishu ni mvunja ndoa, Ishu afukuzwe. Umeona? Hata mimi nimeshaambukizwa.

Nisalimie makarani, wapima mizani, na kila anayeishi kwa baraka za bakora yako.

Ni mimi, mnyenyekevu wako, ambaye karibu atakosa mke na mkate,
Muqatil bin Dinar

Tanbihi: Kabla wino haujakauka nilikwenda kwa Ishu kuazima hoja. Alinipa nzuri sana, nami nikamnyooshea lugha yake. Nikamsomea Rayhana, akaibomoa kabla sijameza mate. Nikaropoka: "Rayhana, wewe... mimi... nyumba hii... jamani!" Haikuwa sentensi, wala haikuwa hoja. Mwanafunzi angeniletea kitu kama hicho ningemtimua. Rayhana alicheka mpaka akaketi juu ya mzigo wake. "Hiyo nimeielewa," akasema, akaanza kufungua kamba.

Kwa hiyo tafadhali Ishu usimguse. Jumatano naanza masomo kwake, na Rayhana atakaa nyuma ya pazia, kuninong'oneza majibu.

Kuni nimeleta.