Moto ya Paul na Tension Yangu

Jumatatu, 1 Septemba
Maafa! Mama Estelle, muuguzi wa kituo cha afya, alinifunga ule mkanda mkononi, akapima, akakunja uso. Tension, yaani presha ya damu, iko juu. Aliuliza kazi yangu. Nikasema nauza vipuri vya moto, hizi pikipiki, sokoni. Akauliza kama nauza nikisimama ao nikikaa. Nikajibu nina kiti kizuri. Amri yake: kupunguza chumvi na kutembea kila asubuhi. Mimi! Kwa miguu! Léontine, mke wangu, alilia njia nzima. Kaka yangu Josaphat alianguka mwaka jana kwa tension hii hii, na hadi leo mkono wake wa kuume haushiki kijiko. Niliogopa sana. Mpaka mchana hivi.

Jumanne, 2 Septemba
Léontine amepanga kila kitu. Nitembee hadi mtaa wa Mudzipela kwa shangazi yake, Mama Vahwere, naye atapiga simu kuthibitisha nimefika. Wanawake ni polisi! Nilitoka. Jirani yetu Eugène, fundi cherehani, akanipita akirusha mikono kama askari wa gwaride, mwembamba kama sindano zake. Eti, "Papa Augustin, weye uko unatembea ao bado uko unalala?" Nilichukia. Tension ilipanda, nina hakika. Kosa la Eugène.

Jumatano, 3 Septemba
Akili! Nilipokata kona, mbali na macho ya Léontine, nilipanda moto ya Paul, mbeba abiria na mteja wangu wa siku zote. Tulimpita Eugène vuuu! Vumbi hadi kwenye meno yake. Nilicheka mpaka nikakaribia kuanguka. Kisha, mwanzo wa kilima, moto ikakohoa, ikazimika. Paul akasema ni kawaida, inataka kusukumwa. Tukaisukuma hadi juu. Nilifika kwa Mama Vahwere nimelowa chapachapa. Akapiga simu palepale: "Léontine, bwana yako ametembea kama kijana!" Jasho la kweli kabisa! Na mimi nilikuwa nimebeba chupa ya maji ya kujimwagia usoni.

Jumanne, 16 Septemba
Moto inazimika kila asubuhi, na kila asubuhi mapema zaidi. Leo haikuwaka hata kidogo. Nilisukuma safari nzima, Paul akiwa amekaa juu, eti kushika usukani. Anasema shida ni kipuri alichonunua. Kwa nani? Tuache hayo. Eugène alitupita, akanipigia saluti. Suruali nayo inaniteremka. Nashuku Léontine ananipunguzia bugali. Ajabu nyingine: nalala vizuri, na nikipanda kwenda kanisani sihemi tena. Maji ya Mudzipela, bila shaka.

Jumamosi, 4 Oktoba
USHINDI! Mama Estelle alipima, hakuamini, akapima tena. Tension imeshuka. Akasema mwili wangu umeanza kuzoea kazi, nisiache hata kidogo. Léontine alipiga vigelegele mbele ya wagonjwa wote, kisha akajifuta machozi na kitenge. Alikuwa akifikiria Josaphat, najua. Mimi pia nilimfikiria. Kwa bahati Eugène alikuwa kwenye foleni, nikachangamka. Aliniuliza siri yangu. Nikajibu kwa unyenyekevu mkubwa: nidhamu. Uso wake! Ungeuweka kwenye fremu.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimefikiri vizuri wakati wa mahubiri. Ukweli ni mmoja: moto inashusha tension. Ule upepo wa asubuhi unaingia kifuani, damu inapoa. Sasa, kama moto mbovu, inayokwenda kidogo tu, imenifanyia hivi, moto nzima itanifanyia nini? Mahesabu ya wazi! Nimemuaga Paul kwa heshima. Nimepatana na Rodrigue. Moto yake ni mupya, inapanda kilima kama mbuzi na haijazimika tangu itoke dukani. Kesho asubuhi ananichukua kwenye kona. Nimemwomba aniweke mlangoni kabisa kwa Mama Vahwere, nisikanyage chini bure. Mwili huu umeteseka vya kutosha!