Mashangazi wa Kughushi

Kwa heshima na taadhima, wananchi wote wa jiji letu hapa kando ya mto Mississippi mnatangaziwa kuwa tatizo la akina mama weusi wanaolea watoto peke yao limemalizika. Lilimalizika Jumatatu ya kwanza ya mwezi Machi, saa nne asubuhi, pale Halmashauri ilipozindua Idara ya Ukamilishaji wa Kaya na kuniteua mimi, Cornelius T. Whitlow, kuwa Naibu Mkurugenzi. Kilichobaki ni utekelezaji tu.

Watu wa mtaani, ambao hawakosi neno, waliuliza kwa nini niteuliwe mimi. Jibu liko wazi. Mimi ni mweusi mwenzao, nina shahada mbili, mke mmoja na binti mmoja, na familia yangu imetangazwa rasmi kuwa Kaya ya Mfano. Isitoshe, mimi mwenyewe nilizaliwa katika kaya pungufu, upande huu huu wa mashariki. Nikajikamilisha kwa juhudi zangu binafsi bila msaada wa mtu yeyote, ukimwondoa mama yangu aliyefanya kazi mbili, jirani aliyenilisha miaka tisa, na akina mama wa kanisa walioninunulia suti ya mahafali.

Sera yetu ni nyepesi. Familia zetu zimetafitiwa tangu enzi za babu zetu, na kila utafiti hugundua kuwa tatizo ni mama. Basi kaya yoyote katika nyumba za kupanga zinazomilikiwa na jiji, yenye mama bila baba, huitwa pungufu, na hupelekewa Afisa Uwepo wa Kiume kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja hadi saa moja jioni. Afisa huyo amefuzu mafunzo ya siku tatu. Kazi zake ni kukalia kiti kikubwa, kukohoa kwa mamlaka, kushika rimoti, na mtoto akiuliza jambo lolote, kumjibu, "Kamuulize mama yako." Kaya ambayo haijakamilika baada ya wiki sita huhamishiwa makazi ya mpito ng'ambo ya mto. Huko hakuna anayemjua mwenzake, jambo linalorahisisha sana tathmini.

Kaya iliyotuumiza kichwa ni ya Bi Latrice Goodloe, ghorofa ya pili, jengo namba kumi na nne, Mtaa wa Pruett. Mama huyu anapika katika jiko la hospitali. Ana mtoto mmoja wa kike, Nyla, wa miaka tisa. Baba wa mtoto, Terrence, yuko mwaka wa saba wa kifungo cha miaka kumi na miwili kwa kosa ambalo jimbo lenyewe limeshalifuta katika vitabu vyake vya sheria. Hilo halituhusu. Lina idara yake.

Tulimpelekea afisa wetu bora, Bwana Rayfield Stubbs, tarishi mstaafu wa posta, mwenye kikohozi kizito kuliko wote darasani. Ripoti yake ya wiki ya kwanza ilisema: "Kiti kikubwa kilikuwa na mtu." Ya wiki ya pili ilisema kiti kilikuwa na mtu mwingine. Ya wiki ya tatu ilisema amepewa viazi vitamu avimenye. Ya wiki ya nne ilikuwa fupi kabisa: "Nyla kapata tisini na mbili ya hesabu. Tumefurahi mno." Niliizungushia kalamu nyekundu nikaandika pembeni: tumefurahi nani na nani?

Nikaiagiza fomu ya kaya hiyo. Swali la saba linamtaka mhusika aorodheshe watu wazima walio karibu na mtoto, na uhusiano wao. Bi Goodloe alikuwa ameorodhesha mashangazi saba. Saba! Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Nilituma wasaidizi wangu wapekue vizazi na ndoa katika wilaya tatu, kazi iliyochukua siku kumi na moja, na matokeo yalinisikitisha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na tone la damu ya Goodloe. Mmoja, Pearline, alitoka Alabama na walifahamiana kwenye chumba cha kufulia nguo. Mwingine aliwahi kugombana na Bi Goodloe kuhusu nafasi ya kuegesha gari, wakapatana, akawa shangazi. Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja cha kanuni zetu, ambacho nilikiandika mwenyewe, huko ni kughushi.

Nilikwenda Mtaa wa Pruett mimi mwenyewe, na mkoba wangu. Nilimkuta Bi Goodloe bado na sare ya kazini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Kwenye kiti kikubwa alikuwa amekaa Mama Odessa Tubbs wa ghorofa ya chini, miaka themanini na moja, mmoja wa wale akina mama wa kanisa wanaovaa nyeupe Jumapili na kukaa safu ya mbele kumkagua mchungaji. Bwana Stubbs alikuwa amesimama pembeni ameshika bakuli la mboga. Aliponiona akakohoa, lakini kikohozi kile hakikuwa na mamlaka yoyote.

"Bi Goodloe," nikasema, "huyu Shangazi Pearline ni dada wa nani?"

"Wa mtu fulani huko Alabama, nadhani."

"Basi si shangazi."

"Kamwambie wewe. Yumo humo jikoni, anakata kuku."

Niliamua kuwa hatua hiyo inaweza kusubiri. Nikamkabidhi barua: kesi yake ingesikilizwa Alhamisi, na akishindwa, angehama mwisho wa mwezi. Aliisoma mara mbili. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba yeye hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, mtoto akiwa bado amelala, na ufunguo humwachia Mama Odessa. Mama Odessa humwamsha Nyla, Pearline humpa chai, mwingine humpeleka shule, na mwingine humpokea.

"Huko ng'ambo ya mto ufunguo nitamwachia nani, Bwana Whitlow? Nitauacha kwenye fomu yako? Wewe hunikamilishi. Wewe unaninyang'anya watu."

Akajikumbatia kwa mikono yote miwili. Niliandika kwenye daftari: mhusika anasikia baridi.

Ndipo Mama Odessa alipofungua kinywa. Alieleza kuwa mwaka sitini na nne, akiwa na watoto wawili, watu wa ofisi kama yangu walikuwa wakija kuinama chini ya kitanda chake kutafuta viatu vya mwanaume. Enzi hizo kanuni ilikuwa kinyume: mama akikutwa na mume ndani, anakosa nyumba. Mumewe, aliyekuwa hana kazi wakati huo, akaenda Detroit ili watoto wasilale nje. Alisema angewaita wamfuate. Hakuwaita.

"Mlimtoa wenyewe," alisema. "Leo mnaniletea huyu anayekohoa."

Nilimfafanulia kwa upole kuwa kanuni ya zamani ilikataza mwanaume na kanuni mpya inamlazimisha, na kwamba huo si mkanganyiko bali ni maboresho.  Mama Odessa akamwambia Bwana Stubbs anifungulie mlango, naye akanifungulia kwa haraka ambayo hakuwahi kuionyesha kazini.

Alhamisi saa nane mchana ukumbi wa Halmashauri ulijaa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Bancroft, mzungu wa mtaa wa vilimani, mtaalamu wa masuala ya familia ambaye amekamilisha kaya mara tatu, kwa wake watatu. Nilisoma mashtaka kwa dakika arobaini. Kisha nikatangaza kwamba idara yangu haifanyi kazi kwa hisia, inafanya kwa sayansi, na nikaomba kibali cha kufanya Jaribio la Simu.

Jaribio hilo nililibuni mwenyewe. Shule inapiga simu kusema mtoto ana homa, kwa kufuata namba zilizoandikwa na mzazi kwenye kadi ya mtoto, na sisi tunapima dakika. Kaya iliyokamilika huitika. Kaya pungufu humwacha mtoto kwenye benchi. Na kwa kuwa sayansi hutaka ulinganisho, nilijitolea kaya yangu ipimwe pia, maana binti yangu Paige anasoma shule hiyo hiyo, yenye darasa la vayolini ambalo wazazi wa pande zote za mto huligombania. Ukumbi ulinipigia makofi. Niliinama kidogo. Simu zote zikazimwa kwa amri ya Mwenyekiti, isipokuwa ya Bi Goodloe, kwa kuwa yeye ndiye mshtakiwa.

Saa nane na dakika hamsini simu yake ikalia. Akasikiliza, akasema, "Sawa, wanakuja," akatuma ujumbe mmoja. Dakika tisa baadaye mwalimu mkuu alisikika kwenye kipaza sauti cha simu ya ukumbi, akiuliza afanyeje. Getini kulikuwa na watu wanne. Mama Odessa alikuwa amekuja na ndala za nyumbani. Pearline alikuja na soda ya tangawizi. Shangazi wa maegesho alikuja na blanketi. Na Bwana Rayfield Stubbs, ambaye saa zake za kazi zilikuwa bado, alikuja na mwavuli, ingawa hakukuwa na mvua. Walikuwa wanabishana nani ambebe, na mtoto mwenyewe alikuwa anawaambia haumwi.

"Kasi nzuri," akasema Mheshimiwa Bancroft, "lakini damu hakuna."

"Hapo ndipo penyewe, Mheshimiwa," nikasema. "Sasa tuione kaya kamili."

Mwalimu mkuu akapiga namba ya kwanza kwenye kadi ya Paige, ambayo ni yangu. Simu yangu ilikuwa imezimwa, kwa kufuata utaratibu. Akapiga ya mke wangu Camille, ambaye ni wakili na alikuwa mahakamani, kwa kufuata utaratibu wa huko. Dakika zikapita. Mtu mmoja nyuma akaguna. Nilianza kueleza kuwa kutokupatikana kwa wazazi wawili ni tofauti kabisa kitaalamu na kutokupatikana kwa mmoja, na hapo mwalimu mkuu akasema kuna namba ya tatu.

Ikalia humo humo ukumbini. Ilikuwa ya Bi Goodloe.

Aliipokea kama mtu aliyezoea. "Ndiyo, mwalimu. Paige? Mwambie atulie. Mpe Mama Odessa, bado yupo hapo getini. Na zile biskuti za karanga msimpe, zinamvimbisha midomo."

Habari ya karanga ilikuwa mpya kwangu.

Mheshimiwa Bancroft alivua miwani. "Mama, wewe na huyo mtoto mna uhusiano gani?"

"Namsuka kila Jumamosi ya pili, tangu ana miaka minne. Anakaa kwangu mama yake akichelewa. Mimi ni shangazi yake."

"Wa damu?"

"Wa kughushi," akasema Bi Goodloe.

Sitaeleza kelele zilizofuata. Itoshe kusema kumbukumbu rasmi imeandika "kicheko cha wadau, dakika nne." Halmashauri ilikuwa na njia mbili: kumshtaki mke wa Naibu Mkurugenzi kwa kughushi shangazi kwenye kadi ya shule, au kuwatambua mashangazi. Uchaguzi uko Novemba, na mwandishi wa gazeti alikuwa mstari wa pili. Mashangazi walitambuliwa, wote saba, bila pingamizi. Bi Goodloe akapewa barua ya kubaki kwenye nyumba yake. Hakushangilia. Aliikunja, akaitia kifuani ndani ya sare, akaketi akalia, na wanawake wawili nisiowajua wakamkalia huku na huku. Kisha Mwenyekiti, akiwa na haraka ya kumaliza kikao, akasoma matokeo ya jaribio na kutamka kwamba kaya pungufu ni yangu.

Nilikwenda kumchukua binti yangu. Alikuwa Mtaa wa Pruett, kwa kuwa kwa Mama Odessa mtoto akishasemwa ana homa, ana homa. Nilibisha hodi kwa Bi Goodloe, ghorofa ya pili. Mlango ukafunguka upana wa mnyororo, na jicho la Mama Odessa likatokea.

"Nimekuja kumchukua Paige," nikasema.

"Wewe nani?"

"Mama, unanijua. Mimi baba yake."

"Nakujua kwa ofisi. Subiri." Akaenda kwenye friji, akarudi na karatasi. "Majina ya kumchukua huyu mtoto ni haya, mama yake kaandika. La kwako halimo. Mwalimu wake anaitwa nani?"

Nilisema ni yule mrefu.

"Usiku anaogopa nini?"

Nilimkumbusha kuwa nina shahada mbili. Kutoka ndani nilisikia harufu ya mkate wa mahindi, na sauti ya Paige ikicheka kicheko ambacho nyumbani sijawahi kukisikia, au labda hukicheka nikiwa kazini. Nilisikia uchungu. Sina neno la kiofisi la kusema hilo.

"Nampigia Camille," alisema Mama Odessa, "akitoka mahakamani saa kumi na mbili. Akisema nikupe, nitakupa. Usinune, mwanangu. Siwezi kumtoa mtoto kwa kila mwanaume anayekuja na mkoba."

Akafunga mlango, taratibu, bila dharau. Nilimwona mtu akifuata kanuni sawasawa kwa mara ya kwanza tangu idara ianzishwe. Baadaye Pearline alinipitishia sahani ya kambale kwenye upenyo wa mnyororo, na Bwana Stubbs alipanda ngazi saa kumi na moja kamili, akanisalimu kwa jina, akaingia bila kuulizwa chochote. Mimi nilikaa kwenye ngazi na sahani yangu, nikisubiri kuthibitishwa.