Kumbukumbu ya Simba, Kitengela

Jumatatu, 9 Machi
Mimi Peterson ni mkurugenzi! Pasta Hiram amenipa chumba cha shule ya Jumapili nifungue makumbusho ya wanyama. Sharti moja tu: Ijumaa wanafunzi wa Kisaju wakija, watoke wamejifunza kitu. La sivyo chumba kinapewa Wamaitha na kwaya yake. Wamaitha! Sauti ya kukwaruza sufuria. Kiende kwake? Ng'o!

Jumanne, 10 Machi
Simba yuko tayari. Mwili ni blanketi letu, manyoya ya shingo mkonge, pua ni kiwi ya viatu. Lorna, mke wangu, akauliza tutajifunika nini. Nikamwambia sayansi haisikii baridi. Jioni hakupika.

Jumatano, 11 Machi
Siku ya kibao. Ni makumbusho au kumbukumbu? Nikasita kidogo. Si yote ni kukumbuka? Nikaandika kwa rangi nyekundu: KUMBUKUMBU YA SIMBA. IJUMAA. WOTE MNAKARIBISHWA. Wamaitha akapita, akacheka hadi akashika fensi. Wivu tu.

Alhamisi, 12 Machi
Simu haitulii. Mzee Koinet, mfugaji wa Kisaju, amewaka. Anauliza ni kanisa gani hili linamwombea simba aliyemaliza mbuzi zake. Anakuja na wenzake wote, kupinga. Nikamwambia karibu sana mzee. Umati ni umati.

Ijumaa, 13 Machi
Woi! Wafugaji wamejaa hadi dirishani, wanafunzi wamebanwa ukutani. Wamaitha mbele kabisa, amekunja mikono, anangoja niaibike. Koinet akamtazama simba wangu, akauliza huyu ni mbwa wa nani. Jasho likanitoka.

Kisha akasimama kama watu wanavyosimama matangani, akaeleza tabia za marehemu: anavyokuja boma kinyume cha upepo ili mbwa wasimnuse, anavyotisha ng'ombe mpaka wavunje ua wenyewe. Mwingine akasimama. Na mwingine. Wanafunzi wanaandika tu! Msichana mmoja, Nalotuesha, akauliza kwa nini simba asikae mbugani kwake. Koinet akasema polepole kwamba njia ya simba kufuata nyumbu wafugaji wenyewe waliikata ploti za kujengea wakauza, yeye akiwemo, na sasa ni fensi tupu. Wamaitha, ambaye ana ploti huko, akakunjua mikono.

Pasta akasema hajawahi kujifunza hivi. Chumba ni changu! Mkurugenzi oyee!

Jumamosi, 14 Machi
Yote ni akili yangu. Mwezi ujao ni nyoka. Kibao nimeshakiweka barabarani, kifupi, kinaeleweka: NYOKA WAMO NDANI YA KANISA. Pasta ananipigia simu tangu asubuhi. Pongezi zingoje, rangi haijakauka.