Kilo za Honorata

Jumatatu, 2 Juni

Kilo arobaini na sita! Mwezi uliopita mke wangu alikuwa na hamsini. Nesi wa kliniki amesema atampima tena Ijumaa. Akishuka zaidi, dripu ya saratani anayokwenda kutundikiwa Mwanza itaahirishwa, na daktari wa huko hataki kabisa kuahirisha. Nikamwambia nesi asihangaike. Mimi nimekuwa mpishi wa meli miaka ishirini na sita, nitashindwa na mtu mmoja? Akasema chakula kiwe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na kisinuke sana.

Kidogo! Kumpa mtu sahani ndogo ni kumtukana. Nimepika samaki wetu wa ziwani, migebuka mitatu, kwa mawese, na ugali wa muhogo wa kutosha timu ya mpira. Honorata akautazama mlima ule, akajiziba pua kwa kanga, akageukia ukutani. Nadhani ni vitunguu.

Jumanne, 3 Juni

Shemeji Winfrida, mdogo wake Honorata, amekuja kutoka Bangwe. Anakaa kwetu mpaka siku ya mizani, hakuna aliyeniuliza. Amepika uji wenye maziwa na karanga za kusaga, akaumimina kwenye kikombe cha kahawa. Cha kahawa! Majirani watasema namnyima mgonjwa chakula. Tena kaja na kijiko cha plastiki, eti cha bati kinamwachia dada yake ladha ya kutu mdomoni. Kijiko chetu cha bati kimelisha ukoo mzima bila malalamiko.

Lakini nimepata mpango. Honorata hajawahi kumwacha mgeni ale peke yake. Kwao Kasulu hiyo ni aibu kuliko wizi. Basi dawa ni mgeni! Nikamwalika jirani yetu Nehemia, mwalimu aliyestaafu, ingawa tumbo lake bado liko kazini. Honorata akajikongoja hadi mezani, akala matonge mawili kwa heshima ya mgeni. Mawili! Nilimtazama shemeji kwa muda mrefu kidogo.

Jumatano, 4 Juni

Nehemia kaja asubuhi bila kualikwa. Mchana pia. Jioni kaja na kikohozi. Nimekwenda Kibirizi mara mbili kutafuta samaki, na kila nikirudi namkuta ameshanawa mikono. Honorata anamsogezea hata minofu ya kwake.

Nesi alipita kumjulia hali mgonjwa, akasikia mtu anakohoa. Nehemia alitolewa nje kwa upole. Mimi nilipelekwa uani bila upole. Nesi akaeleza kwamba dripu inaudhoofisha mwili, hata kikohozi cha jirani kinaweza kumlaza mtu wodini. Sikulijua hilo. Nilijiona mjinga kwa dakika kama kumi hivi.

Alhamisi, 5 Juni

Kesho ni mizani. Nimeuboresha uji wa shemeji kwa siri: vijiko vinne vya mawese. Honorata alinusa tu, akatapika mpaka jasho likamtoka. Shuka nimefua mwenyewe. Winfrida aliosha kikombe, akaanza kukoroga uji mwingine, na hilo limeniuma kuliko matusi.

Naandika hapa kwa kuwa siwezi kumwambia mtu: naogopa. Naogopa sana. Nimempikia mama huyu miaka thelathini na moja, na leo harufu ya chungu changu inamfanya alie.

Ijumaa, 6 Juni

Nilimshauri avae vitenge vitatu na koti langu la melini. Mifukoni nikatia betri za redio, bila kumwambia. Nesi akaagiza koti livuliwe. Betri zikadondoka sakafuni moja baada ya nyingine. Nesi akasema kipimo cha dawa hufuata uzito wa mgonjwa, na anayedanganya mizani anamdhuru mgonjwa mwenyewe. Nikatazama dari.

Halafu, bila koti wala betri: arobaini na sita na nusu! Imepanda! Safari ya Mwanza iko palepale. Nikaanza kumweleza nesi siri ya migebuka yangu, Honorata akanikatiza. Kumbe alikuwa anakunywa uji wa Winfrida kidogo kidogo, na yai la kuchemsha lililopoa, kila nilipotoka kwenda Kibirizi.

“Baba Samson, hupiki vibaya,” aliniambia njiani. “Ila unanitazama mdomoni. Ukinitazama hivyo najua unavyoogopa, na tonge halishuki.”

Nilimshika mkono mpaka nyumbani.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeelewa kabisa. Nisimtazame. Jambo rahisi kwa mtu mwenye akili.

Asubuhi nimetundika kioo changu cha kunyolea juu ya mlango wa chumba anacholala, nikakaa nimempa mgongo, gazeti mkononi. Kitanda chote kinaonekana, mpaka kikombe. Kijiko cha kwanza. Cha pili. Kwenye cha tatu akainua macho, yakakutana na yangu kiooni. Nikajifanya nasoma. Honorata akacheka mpaka akashika mbavu, mara ya kwanza tangu Pasaka, kisha akamaliza kikombe chote.

Kumbe dawa ni kioo! Jumatatu nakwenda mjini kununua kikubwa zaidi.